Wa Mwisho Hufunzwa Kuhema

Wa mwisho hufunzwa kuhema. Mmemsikia shangazi yenu akimwambia mumewe maneno hayo jana, alipomkuta anamsomesha kitinda mimba wao huku anasinzia, kitabu kimemwangukia kifuani. Ninyi mkacheka. Mumewe hakucheka, kwa sababu yeye anajua methali hii imetoka wapi. Sasa na ninyi mnataka kujua. Haya, kaeni, na huyo anayechezea simu aiweke chini. Methali hii ilianza hivi.

Huko milimani Upare palikuwa na shule tatu kwenye njia moja. Kilongoni ilikuwa chini, kando ya barabara kuu. Masheko ilikuwa katikati ya mlima. Vuhanga ilikuwa juu kabisa, mahali ambapo ukungu ukitua mtu humtambua jirani yake kwa kikohozi. Zote tatu hazikuwa na mwalimu wa muziki, mpaka alipoletwa kijana aliyekuwa ametoka chuoni karibuni, Elirehema Mchome, azifundishe zote peke yake.

Elirehema alikuwa na sauti nzuri, na hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa mtu wa bidii pia, tusimwonee. Kila Jumanne alifika Kilongoni asubuhi, ameshakunywa chai, shati limenyooka, na wimbo wa kwanza aliouanzisha uliwafanya hata wapishi wa uji watoke jikoni kusikiliza. Adhuhuri alikuwa Masheko, amechoka kidogo lakini bado anatania watoto. Kisha anaanza kuupanda mlima wa mwisho, na mlima ule hauna huruma na mtu, hata awe mwimbaji. Alipofika Vuhanga jua lilikuwa limeshainama, koo limemkauka, miguu haimtaki.

Mwalimu mkuu wa Vuhanga alikuwa mama wa makamo, Nankondo. Siku ya kwanza kabisa alimpokea kijana kwa kata ya maji na maneno machache.

"Mwanangu," alimwambia, "mwaka huu tarafa imetualika kwenye mashindano ya kwaya, mara ya kwanza tangu shule hii ijengwe. Watoto hawa wanaitwa watu wa ukunguni. Hawajawahi kusimama mbele ya watu. Wakishuka wakasikilizwa, watashuka tena kwa mambo mengine. Wakishuka wakaaibika, nawajua, hawatashuka tena."

"Ondoa shaka, mama," alisema Elirehema. "Wataimba." Na alilisema kwa moyo mweupe. Kuahidi hakujawahi kumchosha mtu.

Palikuwa na wimbo mmoja ambao kila shule ililazimika kuuimba. Ulianza hivi: "Milima yetu mirefu, tutaipanda pamoja." Kilongoni aliwafundisha mstari kwa mstari, akawasikiliza mmoja mmoja, aliyekosea akarudishwa. Vuhanga alisimama mbele ya watoto, mkono mmoja kiunoni, akaimba, "Milima yetu," pumzi ikamwishia. Akahema mara mbili, akajifuta jasho la paji la uso, akamalizia, "mirefu." Akaurudia wimbo mara moja tu. Kisha akamwita Nakundwa, binti wa darasa la sita aliyekuwa na sauti nyembamba iliyonyooka, akamwambia awaongoze wenzake siku zitakazobaki mpaka atakaporudi. Akashuka kabla giza halijamkuta njiani.

Juma lililofuata ikawa hivyo hivyo. Na lililofuata tena. Watoto walipomwimbia, yeye alikuwa ameketi amejiegemeza ukutani, amefumba macho, anarudisha pumzi iliyomjaa masikioni. Sauti zilimfikia, zilikuwa safi, akaridhika nazo. Siku moja Nakundwa alimsogelea.

"Mwalimu, tumeimba sawa?"

"Sawasawa," alijibu Elirehema bila kufumbua macho.

Nankondo naye alimwomba zaidi ya mara moja. "Leo kaa kidogo uwatazame, mwalimu. Usiwasikie tu. Mimi wimbo huo siujui."

"Juma lijalo, mama. Leo nimechelewa."

Juma lijalo lina tabia moja, wanangu: likifika linaitwa juma hili, na juma hili mtu huwa amechelewa.

Siku ya mashindano watu walijaa uwanjani Kilongoni. Wazazi wa Vuhanga walikuwa wameshuka alfajiri, wamevaa nguo za ibada, wengine na watoto mgongoni. Bibi yake Nakundwa, aliyekuwa hajafika barabarani kwa miaka, alishuka akishikwa mikono huku na huku. Kilongoni wakaimba vizuri. Masheko wakaimba vizuri. Elirehema alikuwa amesimama kando, kifua mbele, na kila aliyepita alimpa mkono.

Vuhanga wakapanda jukwaani. Nakundwa akaanzisha kwa sauti ile yake, na uwanja ukanyamaza, maana sauti kama hiyo ilikuwa haijasikika tangu asubuhi. "Milima yetu," wakaimba wote. Kisha, kwa pamoja, wakaweka mkono mmoja kiunoni. Wakahema mara mbili, kwa nguvu, mabega yakipanda na kushuka. Wakajifuta jasho ambalo halikuwapo. "Mirefu," wakamalizia.

Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo panaponiuma mimi kila ninaposimulia. Watoto wale hawakujua kwamba wanachekwa. Walidhani watu wamefurahi. Basi ubeti wa pili wakatia bidii zaidi. Waliinua viwiko, wakahema kwa sauti hata waliokuwa nyuma kabisa ya uwanja wakasikia, wakajifuta paji la uso huku wanatabasamu. Watu walishika mbavu. Katikati ya kelele hizo Nakundwa aligeuza macho akamtafuta mwalimu wake, ili aone kama naye amefurahi.

Alimwona amefunika uso kwa viganja.

Binti akanyamaza. Walio karibu naye wakanyamaza, kisha safu ya nyuma, na wimbo ukakatika hapo hapo. Wakashuka jukwaani mmoja mmoja, kama watu waliotumwa kitu wakasahau ni kitu gani.

Elirehema aliwafuata nyuma ya madarasa. Aliwakuta wamekaa chini, Nankondo amesimama katikati yao. Alitaka kuwafariji, akajikuta anauliza, "Nakundwa, mbona mlihema pale?"

"Si ndivyo wimbo ulivyo, mwalimu?" Nakundwa alisema. "Kila ulipokuja ulihema pale pale. Tukaona ni igizo la kupanda mlima. Tulilifanyia mazoezi sana, ili wadogo waheme pamoja na wakubwa."

"Wimbo hauna kuhema."

Binti akafikiri kidogo. "Wa Kilongoni hawakuhema kwa sababu unawafundisha asubuhi?"

Elirehema akachuchumaa mbele yake.

"Nilikuuliza kama tunaimba sawa," alisema Nakundwa. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Ukasema sawasawa."

Elirehema akamgeukia Nankondo. "Mama, nisamehe. Mlima ulinichosha."

"Mlima unamchosha kila mtu, mwanangu. Kwa kuchoka sikulaumu," alisema Nankondo. "Lakini kila Jumanne ulianzia bondeni. Hata mara moja hukuweza kuanzia juu?"

"Ingenibidi nilale kwenu siku ya Jumatatu."

"Tungekunyima kitanda?"

Wazazi walikuwa wameshawafikia, wanauliza kwa nini watoto wao wamechekwa na kama kuna mtu aliyewaroga. Nankondo hakumtaja kijana kwa jina. Alimwinua mtoto mdogo kuliko wote, akamkung'uta vumbi, akawaambia, "Watoto wenu hawakukosea. Wameimba walichofundishwa. Wa mwisho hufunzwa kuhema." Bibi yake Nakundwa akayarudia maneno hayo polepole, na safari nzima ya kurudi juu watu walikuwa wakiyarudia, kila mmoja akikumbuka yake.

Elirehema alijuta, na majuto yake hayakuwa ya mdomoni. Tangu muhula uliofuata alipanda Vuhanga kila Jumatatu jioni, akalala, na asubuhi akawafundisha watoto wale kwa sauti iliyopumzika. Kilongoni wakabaki wa mwisho, na wao waliisikia pumzi yake, lakini safari hii alikaa akawatazama mpaka mwisho. Vuhanga walijifunza wimbo wote, sawasawa, bila kuhema popote. Waliimba kwa heshima, na kipindi kikiisha walitoka bila mmoja kubaki nyuma kuuliza kitu.

Mwaliko wa tarafa ulipokuja tena aliwauliza nani atashuka. Watoto waliangalia sakafu. Nakundwa alikuwa amekaa dawati la nyuma, na siku hizo wenzake wakiimba yeye alifungua mdomo tu, sauti haitoki. Elirehema alimwomba kwa faragha, akamwomba mbele ya bibi yake, akamwambia kwamba kosa lilikuwa la mwalimu na si lake. Binti alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Najua, mwalimu," alisema. "Lakini nikianza tu, nakuona umefunika uso."

Aliolewa huko huko juu, akapata watoto, na wanasema hata wakati wa kuwabembeleza hakuimba. Elirehema alifundisha kwenye milima ile mpaka akastaafu, akashinda vikombe vingi na shule nyingine, na kila akisifiwa alijibu kwamba sauti bora kuliko zote alikutana nayo mwaka wake wa kwanza kazini, alasiri, akiwa amefumba macho.

Kwa hiyo shangazi yenu hakumkataza mumewe kuchoka. Mtu akitoka kazini amechoka, amechoka. Alikuwa anamwonea uchungu yule mdogo, aliyekuwa anatazama mdomo wa baba yake na kufuatisha kila kitu, hata miayo. Wa mwisho hufunzwa kuhema.