Kamati ya Safari ya Mlima Jungu

Mwenye kiu na anywe kabisa kabla sijaanza, maana kisa hiki hakina tone la maji mpaka karibu na mwisho.

Ulikuwa mwaka wa ukame uliokausha kila mto wa uwandani. Nyasi zilikuwa zikivunjika zinapokanyagwa, na wanyama waliamka wakilamba mawe. Maji yalibaki mahali pamoja tu, juu ya Mlima Jungu. Mlima huo ulitema moto zamani, ukaacha shimo kubwa kileleni, na ndani ya shimo hilo palikuwa na bwawa. Mababu zao walikuwa wakiupanda asubuhi na kurudi mchana, wengine kwa matembezi tu, wapate la kujisifia. Lakini miaka ya neema iliwafanya wajukuu kuwa wavivu, wakaisahau njia.

Fisi aliijua. Aliifumania siku za kwanza za ukame alipokuwa akifuata harufu ya mzoga, akashuka shimoni, akanywa mpaka tumbo likaburuzika chini. Halafu akalitazama lile bwawa. Lingewatosha wote hadi mvua, kama kila mmoja angekunywa kwa kiasi, lakini neno kiasi Fisi hakuwahi kulielewa. Alipomfikiria Nyumbu akitumbukiza mdomo wake mchafu mle ndani, roho ilimuuma kana kwamba anayenywewa ni yeye. Akaapa kwamba bwawa lile litakuwa lake peke yake, na wengine wajijue.

Kwa hiyo Simba alipoita baraza na kutangaza kwamba kesho yake wote watapanda, Fisi hakupinga. Mjinga ndiye hupinga. Yeye aliunga mkono kwa nguvu zote, akainama mpaka pua ikagusa vumbi, kisha akasema kwa upole, "Ila Mfalme hapandi mlima kama mbuzi aliyekata kamba. Safari ya Mfalme hupangwa."

Simba akazitingisha nywele zake za shingoni. Hakuwahi kusikia neno la busara kama lile. Papo hapo Fisi akateuliwa mwenyekiti wa kamati ya safari, na ikatolewa amri kwamba asiyekuwa na kibali asiukanyage mlima mpaka mipango ikamilike, na kwamba wa kwanza kuyagusa maji atakuwa Mfalme mwenyewe.

Basi vikao vikaanza. Cha kwanza kilitafuta jina la safari, hakikulipata. Cha pili kilijadili nani atangulie na nani afuate, na Ngiri akanuna siku nzima kwa kupangwa nyuma ya Kicheche, mnyama ambaye harufu yake haihitaji maelezo. Cha tatu kilihusu masurufu ya njiani, wakati hapakuwa na hata mzizi wa kutafuna. Cha nne kilikuwa juu ya mapokezi ya Mfalme kileleni, kama aimbiwe kabla ya kunguruma au baada, na hicho Simba alikaa mwanzo hadi mwisho, kisha akaagiza kiendelee kesho. Kila kikao Fisi alikifunga kwa maneno yale yale: njia ni ya siku tatu, tetemeko limeivuruga, mawe yanaporomoka, mvuke unaunguza, tusikurupuke. Kila alfajiri alipanda peke yake, akanywa, akarudi kabla jua halijakolea, akafungua kikao kwa dua.

Wakati huo Bi Swala maziwa yalimkauka. Mzee Mbogo, ambaye mwanzoni alikuja vikaoni akimwegemea Punda Milia, akaacha kuja kabisa, akawa amelala tu kwenye kivuli cha ukingo wa mto mkavu. Fisi alimuulizia hali kila siku, kwa upendo ambao hata ndugu zake hawakuwa nao. Mbogo ni mnyama mkubwa, tena ana nyama nzuri ya paja.

Ikafika siku ya kikao cha saba. Fisi alisimama akazungumzia nidhamu, na siku hiyo maneno yalimkaa vizuri mdomoni. Aliyekaa mbele kabisa alikuwa Sungura. Katikati ya hotuba Sungura akajifuta uso kwa kiganja, akakitazama kiganja hicho kwa muda mrefu. Fisi akadhani hotuba imemgusa mpaka machozi, akaongeza sauti.

Maskini Fisi. Hayakuwa machozi. Yalikuwa mate yake mwenyewe, mwenyekiti, yaliyokuwa yakiwarukia wa mstari wa mbele, katika nchi ambayo hata Simba alikuwa akinguruma kwa kukwaruza kwa sababu koo limekauka. Sungura alingoja mpaka ajenda ya mwisho, ile ya Mengineyo, akanyoosha mkono.

"Ndugu Mwenyekiti, nina taarifa ya msiba. Mzee Mbogo kiu ilimchanganya, jana akajaribu kupanda peke yake. Amefia kileleni, pale ukingoni mwa shimo. Familia inaomba mtu wa kwenda kumsitiri, ila kwa kuwa njia ni ya siku tatu, nimewaambia wawaachie tai."

Fisi akatazama juu. Tai kweli walikuwa wakizunguka, kama walivyozunguka kila siku ya ukame ule. Mbogo mzima, na wale wajinga wenye mabawa wanakaribia kuanza na paja.

"Siku tatu ni kwa msafara," akasema.

"Na mtu mmoja mwepesi?"

"Mtu mmoja ni tembezi dogo tu. Unakata kushoto penye jiwe jeusi, unalifuata korongo, umefika. Mimi nikiondoka sasa hivi narudi mchana."

"Na mawe yanayoporomoka?"

"Mawe gani, Sungura? Usitupotezee muda, marehemu anaharibika. Leo hii hii alfajiri nimepita pale pale ukingoni, nikashuka bwawani, na wala sikumwona..."

Akauziba mdomo kwa mguu wa mbele, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Simba akainuka taratibu. Kiu ya raia zake aliivumilia vikao saba, lakini hili lilimchoma. "Umekunywa kabla yangu?" akauliza.

Lakini hakuna aliyebaki kusikiliza hukumu. Bi Swala alikuwa ameshaondoka, amekata kushoto penye jiwe jeusi. Nyuma yake wakafuata wengine bila orodha wala mpangilio, Ngiri akimpita Kicheche, Sungura na Punda Milia wakipita mtoni kumwinua Mzee Mbogo, aliyekuwa bado hai kivulini pake, na kumsukuma mgongoni. Mfalme naye ikambidi akimbie nyuma ya nyumbu, akimeza vumbi lao. Hakuna aliyemwimbia. Jua lilikuwa halijafika utosini, wote wakawa bwawani, midomo majini, Mfalme na Kicheche bega kwa bega.

Fisi alihukumiwa kunywa wa mwisho, siku ile na kila siku mpaka mvua inyeshe. Akakaa kwenye majivu ya ukingoni akiangalia mdomo mmoja baada ya mwingine ukizama katika bwawa lake. Alijichukia, si kwa kudanganya, bali kwa kutamani mzoga mmoja wakati alikuwa na bwawa zima. Zamu yake ilipowadia, akashuka kichwa chini, akapenyeza pua kwenye tope lililotibuliwa na kwato.

Pembeni yake palikuwa na mmoja ambaye hakuwa amemaliza kunywa. Mzee Mbogo akainua kichwa, maji yakimchuruzika kidevuni, akamtazama mwenyekiti kwa heshima zote. Akamuuliza kama mazishi yake ni leo, au kwanza yakaliwe kikao.