Aliyemrudisha Mwadime Nyumbani

Sogeeni mketi, na mwenye pupa ya kuhukumu aimeze kwanza, maana kisa hiki kimewashinda wenye mvi na wenye vyeti.

Katika vilima vya Taita, pembezoni mwa msitu, palikuwa na mtu aitwaye Mwadime, na mkewe Mkawasi. Mwadime alikuwa mlinzi wa misandali. Hakuajiriwa na yeyote. Kazi hiyo aliirithi kwa babake. Wezi walikuwa wameumaliza msitu, wakiing'oa misandali pamoja na mizizi yake ili ikatengenezewe manukato ya watu wa mbali. Ilisalia michache tu, na Mwadime peke yake ndiye aliyejua ilipo. Kila mwaka aliokota mbegu zake akazipanda kando ya miti mingine, kwa kuwa msandali haukui pekee. Lazima mizizi yake ipate mti jirani wa kunyonya. Hata Mkawasi hakuambiwa mahali penyewe, naye hakuuliza. Ana haja gani ya kujua jambo linalomfanya mumewe agutuke kila mbwa anapobweka?

Mungu aliwapa watoto wawili. Wakesho, binti yao wa kwanza, alijaliwa miguu: hapakuwa na jabali lililomtisha, liwe kavu au limelowa. Mnjala, mdogo wake wa kiume, alijaliwa mgongo: alipandisha mlima na gunia la viazi huku akipiga mluzi. Na kulikuwa na mgeni wao wa siku zote, Sudi, mpiga picha kutoka Mombasa, ambaye yeye alijaliwa jicho. Mwamba aliouona mara moja hakuusahau, wala namna kivuli chake kinavyolala asubuhi na jioni. Alikuja kupiga picha za milima na mabonde za kutia kwenye kalenda. Watu hakuwapiga.

"Watu hujipanga," alisema. "Mlima haujipangi."

Lakini mwaka mmoja mvua ilishuka ikakataa kuondoka. Milima ikamezwa na ukungu, Sudi akabaki jikoni kwa Mkawasi na kamera isiyo na kazi. Kwa uvivu tu akaanza kuwapiga picha wenyeji wake. Akampiga Mwadime akinyoa ndevu mbele ya kipande cha kioo, ulimi umelisukuma shavu. Akampiga Mnjala amelala mdomo wazi, bakuli tupu kifuani. Akampiga Wakesho akisukwa nywele, amekunja uso kwa maumivu.

"Wewe Sudi, unatupiga na masizi haya?" Mkawasi alilalama, akipuliza moto. "Ngoja basi nivae hata kitenge cha maana!"

"Ukivaa utakuwa mtu mwingine, Mama Wakesho," Sudi akamjibu, naye akacheka, na kicheko hicho nacho kikapigwa.

Siku moja mvua ilipopumzika, Sudi alitoka kutembea akapotea ukunguni. Alihangaika mpaka akamkuta Mwadime ameketi juu ya mwamba, suruali ameikunja, anakula muhogo baridi. Akampiga picha kabla hajageuka. Mwadime aliiomba kamera, akaitazama picha ile kwa muda mrefu, akaona haina msandali hata mmoja. Akamshika Sudi mkono, akamrudisha nyumbani bila kumwambia walikuwa wapi.

Baadaye Sudi aliwaomba ruhusa atundike picha hizo kwenye ukumbi mmoja mjini Voi. Mwadime alisitasita. Mkawasi ndiye aliyesema, "Waache watu watuone. Tumeishi kama mizimu mno." Walikwenda wote, wamevaa vizuri. Watu walijaa, na picha ya Mwadime mwambani ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote.

Hata maharage hayajavunwa, Mwadime aliingia msituni asirudi.

Kijiji kizima kilitoka kumtafuta upande wa mawio, alikozoea kutegua mitego ya wawindaji. Walirudi mikono mitupu, wakaenda tena, wakarudi vivyo hivyo. Mkawasi alikaa mlangoni asile. Wanawake waliokuja kumliwaza walikuwa wameanza kuzungumza kwa sauti ya matanga.

Sudi alipopata habari alipanda kutoka Mombasa na picha ile mkononi. "Mama Wakesho, wanatafuta upande usio wake," alisema. "Tazama hapa, nyuma ya bega lake, ukungu ulipopasuka. Huu mwamba una nundu kama ya ng'ombe. Na hii rangi ya kahawia chini ni tambarare. Kivuli kinaanguka huku. Hapa ni upande wa machweo, chini ya korongo." Mkawasi hakuona kitu ila uso wa mumewe. Lakini wanaume walimfuata Sudi, na mwamba wenye nundu ukaonekana kweli, mbali, kule chini.

Kufika ukingoni wakasimama. Genge la mwamba lilikuwa linateleza kama bamia. "Tungoje ukungu uinuke," mmoja alisema. Wakesho, ambaye alikuwa amemwachia Mkawasi mtoto wake mchanga, alijifunga kamba kiunoni. "Baba hawezi kungoja," akasema, akateremka. Alimkuta amefungwa kwenye mti kando ya shimo ambamo msandali mmoja ulikuwa umeng'olewa. Wezi walikuwa wamemvunja miguu yote miwili ili aseme iliko mingine. Hakusema. Wakesho alimtilia maji mdomoni kwa kiganja, akamlalia kumpa joto, akapiga kelele mpaka sauti ikakauka, ndipo wengine wakapata njia ya kuzunguka.

Machela haikuweza kupita kwenye njia ile nyembamba. Basi Mnjala alimfunga babake mgongoni kwa shuka, kama mtoto, akaanza kupanda. Baba na mwana walikuwa hawasemezani tangu siku Mnjala aliposema, "Tuuze mti mmoja tu, Baba, tuishi kama watu." Sasa pumzi za baba zilikuwa shingoni mwake. Wenzake walitaka kumpokea, akakataa, kwa sababu kila walipomgusa mzee alilia. Alipofika uani kwao magoti yake yalikuwa yamechunika, na hakuweza kunyooka.

Gari la kumpeleka hospitali lilikuwa bado njiani. Mwadime akawaomba wote watoke, abaki na mkewe. Akamnong'oneza ilipo misandali. Mkawasi alitaka kuziba masikio.

"Mpe mmoja tu," Mwadime alisema. "Siri ya wengi huvuja. Mpe aliyenirudisha nyumbani."

"Yupi, Baba Wakesho? Yupi?"

Alifumbua mdomo, ikatoka pumzi tu. Gari lilifika likamkuta Mkawasi amemfumba macho.

Baada ya mazishi walikaa wanne jikoni, na Mkawasi akawaambia wosia ule kama ulivyo.

"Nipe mimi, Mama," alisema Wakesho. "Mimi ndiye niliyemfikia. Wanaume walikuwa wamesimama."

"Wewe una mtoto anayenyonya," Mnjala akamjibu. "Waliomvunja Baba hawajashikwa. Huenda tunasalimiana nao sokoni. Nipe mimi. Ungemfikia ukafanya nini, kama nisingembeba?"

"Wewe uliyetaka kuuza?"

Mnjala aliinamisha kichwa. "Nilitaka. Sasa sitaki."

Sudi alisema polepole, "Nipeni mimi. Sina mke wala mtoto wa kutishiwa. Na bila jicho langu, miguu na mgongo vingekwenda wapi?"

"Jicho lako!" Wakesho akainuka. "Nani aliyewaonyesha wezi mwamba ule, Sudi, kama si picha yako?"

"Huenda ni mimi," Sudi alisema. "Nawaza jambo hilo kila siku. Huenda walimfuata tu nyuma. Sitajua."

Mkawasi hakuwatazama. Alikumbuka ni nani aliyesema watu waachwe wawaone.

Hajatamka neno mpaka leo. Kifua kinambana, na juzi mtu asiyemjua alipita akamuuliza njia kwa upole mno. Akifa kimya, misandali itabaki bila mlinzi, na siku wezi watakapoifikia hakuna atakayejua kuwa ilikuwepo. Akimpa mmoja, amempa kitu kilichomuua Mwadime.

Basi mmesikia, nami sina la kuongeza. Wewe uliyekaa hapo, kama ungekuwa Mkawasi, ungesema ni nani aliyemrudisha Mwadime nyumbani? Na ukishamjua, je, ungemwambia?