Mtungi wa Yasiyotarajiwa

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji wa Wasit palikuwa na fundi wa matandiko ya ngamia aliyeitwa Kudama bin Yaishi. Alikuwa mcha Mungu ambaye ulimi wake haukupata kuonja uongo, hata ule wa mzaha. Kila mwaka ulipoingia aligawa chumo lake katika mitungi: wa chakula, wa kodi ya duka, wa sadaka. Hakuna dirhamu iliyolala nje ya mtungi wake.

Mwaka ambao mkewe, Bi Lubaba, alikuwa na mimba yao ya kwanza, bibi huyo alimwambia, "Mume wangu, mipango ni yetu, majaaliwa ni ya Mola. Tuweke na mtungi mmoja wa yale tusiyoyatarajia."

Kudama aliifuata hekima hiyo hadi akaipita. Aliujaza mtungi, akauziba mdomo kwa nta, kisha akasimama msikitini mbele ya watu akaweka nadhiri: mtungi ule hautafunguliwa ila kwa jambo ambalo halijapata kumpitia akilini.

Sasa, ndugu zangu, balaa ilikuwa hapo. Kudama alikuwa na dua ndefu. Kila baada ya sala ya alfajiri aliomba kinga na misiba mmoja mmoja kwa jina lake: paa kuvuja, punda kufa, tanuri kupasuka, panya kuingia kwenye unga, jirani kuazima sufuria asirudishe. Waumini wenye shughuli zao walijifunza kuketi karibu na mlango.

Masika hayo paa likaanza kuvuja, tena juu ya kitanda. Bi Lubaba akauleta mtungi.

"Hili nimeliombea kinga tangu Ramadhani," alisema Kudama kwa masikitiko. "Nitasemaje sikulitarajia?"

Wakasogeza kitanda. Punda naye akafa. "Kila chenye roho kina siku yake," alisema Kudama, "na huyu nilimtaja." Akawa anabeba matandiko kichwani mpaka sokoni, na watu wakimuuliza ngamia amemwacha wapi. Tanuri likapasuka, wakala mikate iliyoiva upande mmoja. Mtungi ulikaa pembeni umejaa, nta yake haijaguswa.

"Mume wangu," alisema Bi Lubaba akishika kiuno, "hebu punguza dua."

"Astaghfirullahi! Nipunguze dua?"

"Basi usipunguze. Lakini siku zangu zimekaribia, na kitanda kimezunguka chumba kizima kikikimbia matone. Mwanao atazaliwa ndani ya maji kama kambare!"

Kudama alilia, maana alimpenda mkewe sana. Lakini nadhiri ni nadhiri. Jirani mmoja akamnong'oneza Bi Lubaba auvunje mtungi, kisha asingizie paka. Bibi yule akatikisa kichwa. "Nadhiri ni yake," alisema, "lakini Mola aliyewekewa ni wangu pia." Akasubiri, ingawa katika siri ya moyo wake alikuwa anaogopa, kwani kona kavu iliyobaki ilikuwa haizidi upana wa mkeka.

Siku ya uchungu mvua ilinyesha bila huruma. Kudama alisimama nje ya mlango akisoma kila alichokihifadhi. Mara mkunga akapaza sauti, "Wa kiume!"

"Alhamdulillahi," akasema Kudama, "kama nilivyoomba."

Kisha mkunga akapiga kelele, "Subirini! Kuna mwingine!"

Kudama akabaki kinywa wazi. Alikuwa ameomba mtoto mwema, mmoja. Nguo za mtoto mmoja, susu moja ya kumlaza, mnyama wa akika ya mtoto mmoja. Shetani akamjia haraka: sema muumini hutarajia kila neema, uihifadhi heshima yako mbele ya majirani. Ndipo Bi Lubaba, katikati ya uchungu wake, akaita kutoka ndani, "Kudama! Na hili uliliombea?"

Mtu yule akainamisha kichwa. "Wallahi, mke wangu, hili halikunipitia akilini."

"Basi ing'oe hiyo nta!"

Aliing'oa kwa meno. Zikanunuliwa nguo za pili, akalipwa mkunga mara mbili, na kwa kuwa watoto wawili hawakuenea katika kona kavu ya mmoja, fundi wa paa naye aliitwa jioni hiyo hiyo. Kudama akamwomba mkewe radhi, naye akamsamehe, baada ya kumkabidhi mtoto aliyekuwa akilia zaidi.

Tazameni, ndugu zangu. Mja huyu alizitaja balaa zote, akasahau kwamba hata heri ina gharama zake na huja bila kubisha hodi. Kuweka akiba si upungufu wa imani, wala kuitumia si upungufu wa uchaji. Tunamwomba Mola atujaalie akiba, kisha atujaalie na akili ya kuifungua.