Kidimu na Mayai ya Kuchi Weupe

Manyoya hutazamwa, joto hushukuriwa. Mmemsikia shangazi yenu akimwambia bibi harusi maneno hayo, na sasa mnataka kujua yametoka wapi. Yametoka bandani, kwa kuku. Sikilizeni.

Katika kijiji cha Mkwajuni aliishi mwanamke aitwaye Mwanahawa, mfugaji wa kuchi. Kuchi ni kuku mrefu, shingo ndefu, kifua mbele, hutembea kama mwenye nyumba anayekagua wapangaji. Wa Mwanahawa walikuwa weupe pe, tangu utosi hadi mkia. Mbegu hiyo aliachiwa na baba yake. Kaka yake alirithi shamba. Yeye alirithi jogoo na matembe, yaani kuku jike wachanga, wala hakunung'unika, kwa maana kila alipowatazama aliona kazi ya mikono ya marehemu.

Alikuwa mkali wa kuchagua. Kifaranga akikua na unyoya mmoja wenye doa, safari yake ilikuwa ya chunguni. Koo, yaani kuku jike anayetaga, akianza kuatamia, naye hakupona, kwa sababu kuku anayeatamia hukonda, hunyonyoka kifua, na hapendezi mbele ya wageni. Mwanahawa aliwaondoa wa namna hiyo mmoja mmoja, akabakiza wanaotaga na kwenda zao wakiwa nadhifu. Miaka ikapita. Ikafika mahali hakuna kuku wake mweupe hata mmoja aliyejua kukalia yai.

Kazi hiyo ikamwangukia Kidimu. Huyu alikuwa kuku wa kienyeji, rangi ya majivu yaliyomwagiwa maji, manyoya yamejipinda kuelekea kichwani kana kwamba maisha yake yote upepo umempiga kutoka nyuma. Aliatamia mayai ya kuchi, akaangua, akalea, wala hakuna aliyemtazama mara mbili.

Siku moja Mwanahawa akaona doa jeusi chini ya bawa la pora, jogoo mchanga aliyemtegemea. Wakati ule watu wengi waliamini kwamba koo humwambukiza rangi yake kila anayemlalia. Mwanahawa naye akaamini. Akamshika Kidimu miguu, akampelekea wifi yake Chausiku, mke wa kaka yake, akamwambia amchinje. Chausiku akacheka, akasema kuku huyu kumnyonyoa ni rahisi, nusu ya kazi upepo umeshaifanya. Lakini hakumchinja.

Kisha kideri, ugonjwa unaoua kuku, kikaingia kijijini. Chausiku alikuwa amewawekea kuku wake matone ya chanjo machoni. Mwanahawa alikuwa amesema atawawekea wake kesho, na ile kesho yake ilichelewa. Kuku weupe wakaanza kupinda shingo na kuanguka. Jogoo akafa. Akabaki kuku jike mmoja, na mayai aliyoyataga wakati jogoo angali hai. Ndani ya mayai yale ndimo ilimobaki mbegu yote ya mzee.

Kuku huyo hakuyataka. Mwanahawa alimfunika kwa tenga juu ya mayai. Kuku akalikanyaga moja likapasuka, akasimama pembeni akijichambua manyoya. Mwanahawa akamfunga mguu, kuku akapiga kelele hadi akafunguliwa. Ndipo Mwanahawa akayaviringisha mayai kwenye kanga, akakaa nayo mapajani karibu na jiko, akijua vizuri kabisa kwamba yeye si kuku wala lile jiko si koo.

Hivyo ndivyo Chausiku alivyomkuta alipokuja kumpa pole.

"Wifi, unaatamia?" aliuliza.

Mwanahawa alitaka kukasirika, machozi yakamtangulia. Akaeleza yote. Chausiku akasikiliza, kisha akasema Kidimu yuko hai, na wiki hii amekalia mayai.

"Nitayatoa yale yangu, yako yakae."

"Na watoto wako watakula nini?"

"Watakula mayai, wifi. Ndiyo ninayoyatoa."

Mwanahawa akayatazama mayai kwenye kanga, na bado, hata katika hali ile, ule ukaidi wake ukapata la kusema.

"Lakini yule ana rangi mbaya. Watatoka na madoa."

"Basi yaache yaoze yakiwa meupe," alisema Chausiku, akainuka.

Hakufika mlangoni. Mwanahawa alikuwa ameshasimama, kanga kaikumbatia kifuani, akimwomba waongozane.

Kidimu alikuwa nyuma ya jiko la Chausiku, ndani ya kapu bovu. Mwanahawa alipopenyeza mkono kuweka yai la kwanza, alitazamia kudonolewa. Kuku akajiinua kidogo, akalivuta yai kwa mdomo hadi chini ya kifua kilichonyonyoka, akatulia. Joto la ngozi ile tupu likamgusa Mwanahawa vidoleni. Hapo akaelewa kwamba kile alichokuwa akikiita ubaya miaka yote ndicho kilichokuwa kikimwangulia kuku wake. Mtu mzima akapiga magoti jikoni kwa wifi yake, akamwambia kuku, "Ahsante, mama."

Mayai mawili yalikuwa viza. Yaliyobaki yalianguliwa. Vifaranga walipoota manyoya ya ukubwani walikuwa weupe pe, hakuna mwenye doa, hakuna mwenye manyoya yaliyojipinda. Jogoo wa kwanza kuwika Mwanahawa alimpa Chausiku, na kuanzia hapo hakumwondoa tena koo aliyetaka kuatamia.

Wageni walirudi kutoka mbali kuwaona kuchi wale. Walisifu shingo, walisifu mkia, wakauliza siri ya weupe. Mwanahawa aliwaacha watazame mpaka watosheke. Kisha akawapitisha uani kwa Chausiku, akawaonyesha kuku mmoja wa rangi ya majivu, kifua wazi, amelala juani na vifaranga wasio wake wakimpanda mgongoni.

"Salamu zenu mpeni huyu," aliwaambia. "Manyoya hutazamwa, joto hushukuriwa."