Mwenye Mwiko Anakula Nini

Sogeeni jamani, na wewe huko nyuma acha kunong'ona, haya yanakuhusu!

Palikuwa na mama mmoja, mpishi kwenye kambi ya watu waliokimbia mafuriko. Naye maji yalimchukulia nyumba, hakubaki hata na kijiko. Msaada ulipofika, kamati ikamwambia, "Mama, wewe una nguvu, tupikie." Akakubali. Wakaongeza, "Ila wapishi hatuwaandiki kwenye orodha ya chakula, watu watasema mnajipendelea." Akakubali na hilo. Alidhani atakumbukwa tu. Nani atamsahau mpishi?

Basi akawa anasonga ugali wa watu mia mbili, mwiko mrefu kama kasia, moshi machoni, kiganja kimebabuka mpaka ngozi inabaki kwenye mpini. Akigawa, anasikia foleni inamteta.

"Shoga, umemwona? Kila siku anaondoka na furushi kwenye kanga!"

"Mwenye mwiko alale njaa? Thubutu!"

Wanacheka hao, kwi kwi kwi! Yeye anakwangua sufuria.

Siku moja wakamzuia njiani. "Fungua kanga!"

"Dada zangu, niacheni, watoto wananingoja."

"Fungua, mwizi wee!"

Wakaivuta wenyewe. Mnajua kilichodondoka? Ukoko. Si ule mtamu wa kugombania, la! Ule ulioungua, mweusi tii, umenyunyiziwa maji ulainike.

Mmoja akauliza, sauti imemwisha, "Wa kuku?"

"Wa wanangu."

Akaokota kipande kimoja kimoja, akapangusa mchanga, akaenda zake. Hakuna aliyeinama kumsaidia. Hata mmoja!

Kesho yake foleni ikapangwa kama kawaida. Jiko baridi. Kugeuka, wanamwona kasimama mwisho kabisa, bakuli mkononi, wanawe wawili wameshika gauni lake.

"Leo nami nina njaa," akasema.

Mwenyekiti wa kamati akainua mwiko juu. "Nani atapika?"

Akaunyoosha kwa huyu, akaunyoosha kwa yule.

"Jamani, nani?"

Watu mia mbili, mikono yao mizima, wakaangalia chini. Jua la utosi likawakuta palepale, watoto wanalia, unga umejaa kwenye magunia.

Mnadhani ni uvivu? Uvivu wapi! Sasa kila mmoja alikuwa anajua mwenye mwiko anakula nini.

Na sisi je? Hawa dada wanaotupikia hapa nyuma ya jengo, tumewahi kuwauliza kama wamekula? Kifua kinawabana na moshi, nani kawapeleka hospitali? Majina yao yako kwenye orodha gani? Midomo yetu ndiyo haichoki, na wangu umo, msinicheke.

Geukeni mtazame mlangoni. Mnawaona? Wamesimama, maana viti tumevikalia sisi.

Haya, nani ananyanyuka?