Shati la Bi Gaudensia

Kisome kisa hiki chote, halafu mpelekee yule unayemjua ambaye ameshaambiwa kazini kwamba umri umemtupa mkono.

Bi Gaudensia alikuwa na miaka hamsini na tisa. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa mkataji kwenye kiwanda cha nguo, mpaka kiwanda kikafungwa. Sasa alikuwa akiitwa siku mbili kwa wiki kwenye karakana ya ushonaji ya Ngonyani, kijana wa umri wa mwanawe wa kwanza, na kazi yake ilikuwa kushikiza vifungo tu.

Siku mbili hazilishi nyumba. Umeme aliununua kwa kubahatisha. Bili ya maji ilimshinda, bomba likakatwa, akawa ananunua maji ndoo moja moja. Kilichomuuma zaidi ni kwamba mikono yake ilikuwa bado na nguvu na hakuna aliyeihitaji.

Ijumaa moja Ngonyani aliwakusanya mafundi wake wanne.

"Sista mkuu wa shule anataka mashati mia nne ya kaki. Kila mmoja achukue kitambaa hapa, ashone la mfano, kipimo hiki hiki. Kesho saa sita anakuja kuchagua. Atakayechaguliwa ndiye mkataji wangu, siku sita kwa wiki."

Wenzake watatu walishika mikasi palepale. Bi Gaudensia alikunja kitambaa chake akakitia kwenye mkoba.

"Bibi, unakwenda kulala nacho?" fundi mmoja akamtania.

"Nakwenda kukiloweka. Kaki hii haijaonja maji. Kiwandani tulikuwa tunaloweka kwanza ndipo tunakata. Na nyie lowekeni."

Walicheka mpaka wakashika mbavu.

Nyumbani kulikuwa na ndoo moja ya maji, ya kupikia na kuogea. Aliitazama kwa muda, kisha akazamisha kitambaa chote. Jioni hiyo alikula viazi vya kuchoma, akalala bila kuoga.

Asubuhi kitambaa kilikuwa kikavu. Alirudi nacho karakana, akakata, akashona, akamaliza sista akiwa mlangoni. Mashati ya wenzake yalikuwa yanang'aa kwa gundi ya kitambaa kipya. La kwake lilikuwa limefifia kidogo.

"Mama, umeshona mtumba?" Ngonyani alimnong'oneza kwa hasira. Ilimchoma, lakini akalilaza shati lake kando ya mengine.

Sista aliyapapasa mashati yote, akaomba beseni la maji. Kabla hawajamwelewa, akayatumbukiza yote manne. Yakafikichwa, yakaanikwa juani, yeye akavuta kiti akasubiri.

Yalipokauka aliyapima moja moja. Mikono ya mashati matatu ilikuwa imefupika, isingefika kwenye kifundo cha mkono. Shati la Bi Gaudensia halikupungua hata nusu inchi.

"Mwaka jana niliwavalisha wanafunzi mashati mazuri," sista akasema. "Yalipofuliwa mara mbili, yakawa ya wadogo zao. Kazi nawapa, ila akate huyu mama."

Ngonyani aliona aibu. Sista alipoondoka, alitoa noti mfukoni.

"Mama, nimesikia kwako maji yamekatwa. Chukua, nikusaidie."

Bi Gaudensia aliurudisha ule mkono taratibu.

"Weka, mwanangu. Ulisema siku sita. Nipe siku zangu sita, maji nitayalipia mwenyewe."

"Basi hata sehemu ya mshahara mapema?"

"Nikishakata. Sichukui ujira wa kazi ambayo sijaigusa."

Jumatatu alifika wa kwanza. Wale mafundi watatu walipoingia walikuta mapipa mawili tupu mlangoni, na Bi Gaudensia amesimama kando, futikamba shingoni.

"Haya, wanangu, kachoteni maji," alisema. Safari hii hakuna aliyemwita bibi.

Funzo: Mtu mzima akikosa kazi ya kutosha, usidhani amekosa ujuzi. Kabla hujamhurumia, mpe nafasi.