Bi Nungu na Mtungi wa Dungusi

Mwenye masikio yuko wapi?

Tupo.

Nina ngano mkononi. Niitupe?

Itupe, tutaidaka.

Haya, idakeni vizuri, isianguke.

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama na watu walisalimiana njiani, palikuwa na nchi ya mawe na vumbi. Mvua huko ilikuja ilipopenda. Mtama ulipandwa, ukaota, ukakauka. Kilichostawi bila kubembelezwa na mtu ni dungusi peke yake, lile lenye mapande mapana kama viganja na miiba kila upande.

Katika nchi hiyo aliishi nungunungu mmoja mjane, jina lake Bi Nungu. Alikuwa na binti mmoja tu, Siwema.

Sasa sikilizeni desturi ya nungunungu. Siku ya harusi, mama wa bibi harusi huwawekea wakwe mtungi wa pombe. Wakinywa wakaridhika, binti ameolewa. Wasiponywa, wanarudi kwao.

Siwema alichumbiwa mara ya kwanza. Mvua ikakosekana, mtama ukakauka, pombe haikupikwa, wakwe wakarudi kwao. Akachumbiwa mara ya pili. Mvua ikakosekana, mtama ukakauka, pombe haikupikwa, wakwe wakarudi kwao. Akachumbiwa mara ya tatu, na kijana wa ng'ambo ya mlima ambaye Siwema alimpenda kweli. Na mvua, kama mnavyoijua, haikuja.

Siwema hakulia. Aliacha tu kuimba alipokuwa akitwanga. Mama yake akaliona hilo, likamkaa moyoni.

Bi Nungu akaenda kwa Kwale.

"Ndugu yangu Kwale, nisaidie mtama kidogo. Namwoza binti."

"Mtama wangu ni wa mbegu," akasema Kwale. "Ukinywewa, mwakani nitapanda nini?"

Akaenda kwa Panya Buku, ambaye ghala lake lilikuwa chini ya ardhi na hakuna aliyejua mwisho wake.

"Ndugu yangu Panya Buku, nisaidie mtama kidogo. Namwoza binti."

"Mtama ninao," akasema Panya Buku. "Wa kutoa ndio sina."

Bi Nungu akarudi polepole. Alipochoka akakaa kwenye kivuli cha dungusi. Mbele yake palikuwa na tunda limeanguka, jekundu, limepasuka kwa jua. Nyuki walilizunguka. Akalinusa. Akalinusa tena. Lile tunda lilinukia kama jikoni kwa mama yake siku ya tatu ya kupika pombe.

Akalilamba. Lilikuwa tamu, na nyuma ya utamu kulikuwa na kitu kinachowasha ulimi.

"Ahaa," akasema moyoni. "Kumbe pombe imekuwa ikijipika yenyewe hapa, sisi tunapita tu."

Lakini tunda moja si mtungi. Alihitaji mtu wa kumfundisha. Na katika nchi ile mtu huyo alikuwa mmoja: bibi Mbeleje, mwanamke mzee aliyefuga nyuki na kupika wanzuki, ile pombe ya asali. Nyumba yake ilikuwa chini ya mlima, na nyuma ya nyumba kulikuwa na shamba la viazi vitamu.

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Viazi vile, Bi Nungu alikuwa akivila bila ruhusa, msimu baada ya msimu.

Njia nzima alitafuta uongo wa kwenda nao. Akapata wa kwanza, hakuupenda. Akapata wa pili, hakuupenda. Wa tatu ulikuwa mzuri, lakini alipofika uani akamkuta bibi Mbeleje anafukia mashimo shambani, mgongo umepinda, na ule uongo ukamtoka kichwani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Karibu. Ni nani wewe?"

"Ni mimi ninayechimba viazi vyako."

Bibi Mbeleje akaegemea jembe lake.

"Mwaka mzima nimekuwa nikimtukana Ngiri," akasema.

"Naomba unisamehe, bibi."

"Na umekuja leo kuniambia hilo tu?"

"Sikuja kwa hilo. Nilikuja kuomba unifundishe kupika pombe ya dungusi. Lakini nimeona nisianze kuomba kabla ya kusema."

Akamweleza habari za Siwema, za wakwe walioondoka mara mbili, na za lile tunda lililopasuka. Bibi Mbeleje akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka, kicheko kidogo cha puani.

"Mimi na umri huu nimepika asali tupu," akasema. "Dungusi sijalijaribu, kwa sababu ya miiba. Wewe miiba huogopi. Niletee matunda ya mitungi miwili. Mmoja wako, mmoja wangu. Asali nitatoa mimi, na viazi tuviache vilipo."

Basi Bi Nungu akaingia kwenye dungusi. Miiba ikamchoma, naye akaichoma. Akachuma asubuhi, akachuma mchana, akachuma alasiri, na Siwema akabeba vikapu.

Bibi Mbeleje akamwonyesha kazi.

"Miiba mikubwa si kitu, unaiona. Ogopa hii midogo kama vumbi. Ikiingia kinywani, mgeni wako atakukumbuka vibaya."

Wakayaviringisha matunda kwenye mchanga, wakayasugua kwa majani makavu, wakayapitisha juu ya moto mpaka yakang'aa. Wakayamenya, wakayaponda. Wakaikamua rojo kwenye kitambaa, mbegu zikabaki, maji mekundu yakashuka. Wakaongeza maji yaliyochemshwa yakapoa, wakamimina asali, wakatia kipande cha sega kuukuu kiwe chachu.

"Sasa shika mambo matatu," akasema bibi Mbeleje. "Usiionje kabla ya siku kumi. Usiiongeze maji. Na usiizibe. Ifunike tu kwa kitambaa. Kitu hiki kinapumua, na chenye pumzi ukikiziba hutafuta njia ya kutokea."

Bi Nungu akashukuru, akamkaribisha bibi Mbeleje kwenye harusi, akabeba mtungi wake nyumbani. Kesho yake mtungi ukaanza kusema: bwi, bwi, bwi. Bi Nungu akakaa kando yake akiuimbia:

*Bwi, bwi, mtungi wangu,*
*pumua, usikimbie,*
*siku hazijatimia,*
*wakwe wako njiani.*

Siwema alikuwa akitwanga nje. Akauitikia wimbo. Bi Nungu aliposikia sauti ya mwanawe, akanyamaza kidogo ili amsikie vizuri.

Lakini kuna mwingine aliyesikia. Jirani yao Nyani.

Siku ya tatu Nyani akaja. "Jirani, nimesikia una mtungi. Nionje nikwambie kama umekolea."

"Siku hazijatimia," akasema Bi Nungu.

Siku ya tano Nyani akaja. "Jirani, bibi Mbeleje amenituma nionje."

"Siku hazijatimia, na bibi Mbeleje anazijua."

Siku ya saba Nyani hakuuliza. Alingoja Bi Nungu na Siwema waende kisimani. Akaingia, akateka kata moja, akanywa. Macho yakamlegea kwa utamu. Akateka nyingine na nyingine, akazitia kwenye kibuyu chake. Kisha akamimina maji mtungini mpaka ukarudi ulipokuwa.

Siku ya nane akafanya vilevile. Siku ya tisa akafanya vilevile. Kibuyu chake kikajaa mpaka shingoni. Akakiziba kwa gunzi, akaligongea gunzi kwa jiwe, asimwagikiwe hata tone.

"Kwenye harusi," akasema, "wao watakunywa maji, mimi nitakunywa pombe."

Siku ya kumi wakwe wakaja. Walitoka ng'ambo ya mlima kwa ngoma na vigelegele, miiba yao imepakwa mafuta. Mbele yao alikuwa Mzee Kichomi, babu yake bwana harusi. Majirani nao wakaja, hata Kwale, hata Panya Buku. Nyani akaja na kigoda chake kilichofunikwa ngozi. Chini ya ngozi hapakuwa na kigoda, palikuwa na kibuyu. Akakikalia, juani, akatulia.

Mzee Kichomi akapewa kata ya kwanza. Akanywa. Akanywa tena.

"Mkwe," akasema kwa upole, "haya ni maji yaliyopita karibu na pombe."

Ngoma zikakoma. Siwema akainamisha kichwa. Bi Nungu akaonja mwenyewe. Yalikuwa maji.

Angeweza kusema ndivyo pombe ya dungusi ilivyo. Wakwe hawakuwahi kuionja, wangejuaje? Akamtazama binti yake.

"Mzee wangu, umesema kweli," akasema. "Hii siyo niliyoipika. Sijui imekuwaje, lakini sitakudanganya."

Nyani akacheka. "Nungunungu na pombe ya dungusi wapi na wapi," akasema, huku akitikisika kwa kicheko.

Na palepale, katika ule ukimya, ikasikika sauti: bwi, bwi, bwi.

Bi Nungu akainua masikio. Mtungi ulikuwa kimya. Sauti ilitoka chini ya Nyani.

"Jirani, ni nini hicho?"

"Tumbo langu. Sijala tangu jana."

Bwi, bwi, bwi.

"Jirani, hebu simama."

"Nimechoka, jirani."

"Simama kidogo tu."

Nyani, badala ya kusimama, akajikandamiza chini kwa nguvu ili kunyamazisha ile sauti. Kibuyu kilichokuwa kimetikiswa, kimepigwa jua na kimezibwa kwa gunzi, pumzi yake ikakosa pa kutokea. Kikapasuka. Puuu. Nyani akarushwa juu kama bisi, akaanguka kifudifudi, na nyuma kote amelowa maji mekundu. Hakuna aliyehitaji kuuliza swali.

Mzee Kichomi akacheka mpaka miiba yake ikagongana. Lakini pombe ilikuwa imemwagika, na desturi ni desturi.

"Nimekuelewa, mkwe," akasema, "ila mkono wangu bado una kata tupu."

Ndipo alipotokea bibi Mbeleje kwenye njia ya mlimani, kilemba kipya kichwani, na juu ya kilemba mtungi. Alikuja kwenye harusi aliyoalikwa, akaona si vizuri kuja mikono mitupu.

"Mtungi huu umepikwa kwa matunda yako na asali yangu," akamwambia Bi Nungu walipomweleza yaliyotokea. "Huu ni wa kwako kama ulivyo wangu. Wape wakwe."

Mzee Kichomi akanywa. Akafumba macho. Akanywa tena, akampa bwana harusi, bwana harusi akampa Siwema, na vigelegele vikapasua anga. Siwema akaolewa. Kwale akaomba kata ya pili, Panya Buku akaomba ya tatu, nao wakapewa bila kukumbushwa maneno yao.

Nyani alikuwa pembeni, anajisugua kwa mchanga. Rangi haikutoka. Haijatoka mpaka leo.

Bi Nungu akamtazama, moyo wake umejaa, hauna tena nafasi ya hasira. Akateka kata moja.

"Mpelekeeni na jirani," akasema. "Atakunywa akiwa amesimama."

Basi wanangu, mmeona. Bi Nungu alisema ukweli ulipokuwa mgumu, ukampa mwalimu na rafiki. Nyani alikuwa na siku tatu tu za kungoja apewe bure, akaona aibe. Jambo zuri lipeni siku zake, na kosa lenu lisemeni kabla halijajisema lenyewe.

Ngano yangu inakomea hapo. Kama imewakolea, ni yenu nyote. Kama imechachuka, niachieni mimi mwenyewe.